Kutunza dawa za C-41 zisife mapema

C-41 ni njia ya kawaida ya kusafisha filamu za rangi. Mwongozo huu ni wa seti ya lita 1 ya kuifanyia nyumbani: developa (dawa inayotokeza picha), bliksi (blichi na fiksi pamoja, inayoondoa fedha kwenye filamu) na stabilaiza (dawa ya mwisho, ya kuhifadhi picha). Inayokufa mapema ni developa. Salfaiti, ambayo kwenye developa ya nyeusi na nyeupe huwekwa kwa wingi ili kuilinda na hewa, humu hutiwa kidogo tu kwa sababu ikizidi inazuia rangi kujengeka. Kwa hiyo adui ni hewa, na joto ndilo linalomsaidia.

1. Changanya

Fuata karatasi ya seti. Ila seti ya unga usiigawe nusu kwa nusu: ndani ya pakiti unga haukuchanganyika sawasawa, na nusu zako hazitalingana. Ukitaka kuchanganya kidogo kidogo, nunua seti ya maji na upime kwa bomba la sindano.

2. Chagua chupa ya developa

Chupa ya kioo cha kahawia ndiyo bora. Ukiikosa, chupa ya soda ya plastiki inatosha kabisa. Igeuze uone namba 1 ndani ya pembetatu. Kidumu cha namba 2, kile cha maziwa au mafuta, usitumie hata kiwe kipya: plastiki yake hupitisha oksijeni taratibu, kifuniko kikiwa kimekazwa au la. Zile chupa za mikunjo zinazouzwa kwa kazi hii hii mimi sizipendekezi. Nyingi ni za plastiki laini inayopitisha hewa, na mikunjo yake haisafishiki.

3. Jaza mpaka mdomoni

Hapa ndipo lita nyingi hupotelea. Wengi huchemsha maji ili kutoa oksijeni, kisha wanaacha robo ya chupa ikiwa tupu. Piga hesabu: lita 1 ya maji kwenye nyuzi 25 ina miligramu 8 hivi za oksijeni iliyoyeyuka. Mililita 250 za hewa juu ya dawa zina karibu miligramu 70. Chemsha ukipenda, lakini pengo ndilo linaloua.

Gawa lita yako kwenye chupa mbili za mililita 500. Utashangaa hazijai: chupa iliyoandikwa 500 hubeba zaidi kidogo ukiifikisha mdomoni. Ziba pengo kwa gololi za kioo, zilizooshwa na kukaushwa. Gololi ya milimita 16 inachukua mililita 2 hivi, kwa hiyo pengo la mililita 50 linataka gololi 25. Kuminya chupa mpaka dawa ifike mdomoni kunasaidia kwa siku chache tu, maana plastiki hujirudi na kuvuta hewa kupitia kifunikoni. Kuna wanaopuliza gesi ya kujazia viberiti. Inafukuza hewa kweli, lakini gesi hiyo inashika moto na chumba chenyewe kina jiko, gololi hazilipuki.

Maliza chupa ya kwanza kabla ya kufungua ya pili.

4. Bliksi ni tofauti

Hii hewa kidogo haiidhuru. Chuma kilichomo kwenye blichi yake hurudishiwa nguvu na oksijeni. Tatizo lake liko ndani: chuma hicho hula fiksi iliyochanganywa nayo, na mwisho salfa hutuama chini kama vumbi la manjano. Basi sehemu zake zichanganye siku ya kazi. Baada ya kusafisha, usikaze kifuniko papo hapo. Kaboneti ya developa iliyobaki kwenye filamu hukutana na asidi ya bliksi ikatoa gesi, na chupa iliyobanwa huvimba.

Faneli ya bliksi isiguse developa. Matone machache yanatosha kuiharibu chupa nzima.

5. Andika na uweke

Bandua lebo ya soda yote, andika SUMU, jina la dawa, tarehe na idadi ya filamu zilizopita. Friji ya chakula sahau: hizi ni chupa za soda, na mtoto hasomi. Tafuta sehemu ya chini, yenye giza, mbali na bati. Mtungi uliozungushiwa gunia lenye maji unapoza vizuri Dodoma, kwenye hewa kavu. Dar au Mombasa, kwenye unyevu, tofauti ni ndogo. Baridi ikifanya chembe kuganda, pasha taratibu na utikise mpaka ziyeyuke.

6. Pima kabla ya kutia filamu

Developa iliyojaa vizuri hudumu wiki 4 hadi 6. Rangi ya chai nzito ni dalili mbaya, lakini usihukumu kwa macho pekee. Kata kipande cha mwanzo wa filamu kilichoona mwanga, kitumbukize dakika 3 na sekunde 15 kwenye nyuzi 37.8, kisha kipitishe kwenye bliksi. Kikitoka cheusi, endelea. Kikitoka chepesi kiasi cha kusomea gazeti, developa hiyo imekwisha. Kuongeza dakika hakutairudisha.