Faili la kibali likiwa mezani California, tiketi ya harambee iache kwanza

Juzi saa nne usiku, niko Sinza nafunga geti, simu ikaita. Mdogo wangu wa California. Kwao ni asubuhi. "Kaka, diwani wetu ana harambee ya kampeni Jumamosi. Tiketi dola 300. Nimeahidi na pilau ya watu arobaini."

Nikamuuliza swali moja tu: faili lako limefika wapi? Anaomba kibali cha kugeuza duka kuwa mgahawa, na madiwani ndio watakaopiga kura. Nikamwambia asitoe hata senti kwanza, tuhesabu.

Sisi wa Dar tumekulia kwenye michango. Kadi ya harusi ikifika unatoa, msiba ukitokea unatoa, na jina la asiyetoa linajulikana kundi zima. Kwa hiyo diwani akikualika unaona ni ujirani. California kuna sheria iitwayo Levine Act, ya mwaka 1982. Ilitungwa baada ya wajumbe wa tume ya ujenzi wa pwani kubainika wakiomba michango kwa watu ambao maombi yao yako mbele yao. Kwa miaka arobaini iliwapita pembeni madiwani waliochaguliwa na wananchi, lakini tangu Januari 1, 2023 nao wamo. Kiwango kilikuwa dola 250, na tangu Januari 1, 2025 ni dola 500.

Maana yake: tangu ombi lako lipokelewe hadi miezi 12 baada ya uamuzi wa mwisho, usimchangie mwamuzi yeyote wa ombi hilo zaidi ya dola 500. Haijalishi anagombea nini. Diwani akiwania Bunge la Marekani, mchango wako unahesabika vilevile.

Sasa hiyo pilau. Chakula unachotoa bure kwenye kampeni ni mchango, na kinathaminiwa kwa bei ambayo mteja wa kawaida angelipa. Kampuni ya mapishi ni ya mdogo wangu peke yake, kwa hiyo ya kampuni na ya mfukoni mwake yanajumlishwa. Tiketi 300, pilau tuseme 400: tayari 700. Hapo hajanunua hata fulana.

Kinachonichekesha ni kwamba aliyepokea zaidi ya dola 500 kwako ndani ya miezi 12 iliyopita, naye anajua, anatakiwa kutangaza na kutoka asipige kura. Umemlipia rafiki yako atoke chumbani! Anaweza kujinusuru kwa kurudisha pesa ndani ya siku 30 tangu ajue. Nawe, kama ulimchangia zaidi ya dola 500 ndani ya miezi 12 kabla ya kuomba, una wajibu wa kulisema hilo kwenye kumbukumbu za shauri.

Wakala wako, yaani mwanasheria au mtu unayemlipa akuzungumzie kwa maofisa ili wakukubalie, amebanwa zaidi: yeye haruhusiwi kumchangia mwamuzi kiasi chochote kwa kipindi hichohicho. Muulize kabla hujamlipa.

Si kila karatasi imo humu. Kibali ambacho karani anagonga muhuri ukishatimiza vipimo, bila mtu kupima hoja, hakihusiki. Kinachohusika ni pale mtu ana hiari ya kukubali au kukataa.

Ila kabla ya yote haya kuna swali la karatasi zako mwenyewe. Kama si raia wa Marekani wala huna grini kadi, sheria ya shirikisho inakukataza kuchangia uchaguzi wowote kule, hata wa diwani, hata dola moja. Na msije mkatuma pesa kutoka huku ili shemeji mwenye karatasi atoe kwa jina lake. Kuchanga kwa jina la mwingine ni kosa peke yake.

Anayesimamia Levine Act ni tume ya jimbo ya maadili ya siasa, FPPC. Faini inaweza kufika dola 5,000 kwa kila kosa, lakini ushauri wao ni bure. Waandikie kabla hujatoa.

Mdogo wangu ameomba radhi kwa aliyemwalika. Mchele alishanunua, Jumamosi pilau inakwenda kwenye arobaini ya mzee mmoja wa kutoka Temeke.