Somo: Ubao wa pamoja mtandaoni kwa kipindi cha ngeli

Walimu wenzangu, leo tutumie Padlet, ubao wa mtandaoni ambao wanafunzi huandika kwa pamoja, kufundisha ngeli, Kidato cha Pili. (Mliozoea Jamboard ya Google, ile ilifungwa mwishoni mwa 2024.)

1. Fungua akaunti yako. Wanafunzi hawahitaji akaunti, kiungo kinawatosha.

2. Tengeneza ubao mpya wenye safu. Kila safu ipe jina la ngeli: A-WA, KI-VI, LI-YA, U-ZI. Kwa dakika 40, nne zinatosha.

3. Juu andika agizo moja tu: "Weka nomino na sentensi yake." Bila sentensi mtoto anabahatisha.

4. Hapa usiharakishe. Kwenye mipangilio ruhusu wageni kuandika, lakini wasiweze kuhariri kadi (yaani maandishi yaliyobandikwa ubaoni) za wenzao. Mimi mara ya kwanza niliacha wazi, kazi ya kundi zima ikafutwa na binti mmoja akalia. Washa pia sehemu ya maoni. Kadi ya asiye na akaunti hutokea bila jina, kwa hiyo kila kundi liandike namba yake.

5. Onyesha kiungo au msimbo wa QR kwa projekta, kisha waachie uwanja. Darasani kwangu kundi moja liliweka "kiboko" kwenye KI-VI. Kundi la nyuma, ambalo halinyooshi mkono kamwe, likaandika chini yake: "Kiboko anaoga mtoni, si kinaoga." Wale wakajibu: "Chetu ni cha kuchapia. Kiboko kimekatika." Darasa zima likawa linasoma kimya. Nilikuwa nimelieleza jambo hilo wiki nzima, kwamba tunatazama upatanisho na si herufi za mwanzo, na siku ile walilipata wao kwa wao.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, tuna kompyuta 6 na wanafunzi 60. Inawezekana?
Jibu: Inawezekana. Nusu ya darasa waandike sentensi daftarini, nusu wakae watano watano kwenye kompyuta, kisha wabadilishane.

Swali: Mtu akiandika matusi je?
Jibu: Washa idhini ya mwalimu. Kadi haitaonekana mpaka uipitishe.

Swali: Nimeambiwa siwezi kuongeza ubao mwingine.
Jibu: Akaunti ya bure ina kikomo cha idadi ya mbao. Pakua ule wa zamani kama PDF, uhifadhi, ndipo uufute.

Swali: Na mtandao ukikatika katikati ya kipindi?
Jibu: Mimi huingia na vipande vya karatasi na gundi. Wanabandika ukutani, jioni napiga picha na kuzipandisha kwenye ubao.