Miche imepigwa na baridi? Acha urea kwanza

Tangu Juni iingie, kila kitalu nyumba ninachopita hapa Njombe nakuta habari ileile: miche ya nyanya na hoho imepauka, jani kwa chini limepiga zambarau, na mwenye shamba anakoroga urea. "Ina njaa, bwana shamba." Njaa inayo kweli, ila haiwezi kula.

Ncha za mizizi ndizo zinazotengeneza kwa wingi saitokinini, homoni inayolisukuma jani likue. Udongo ukishuka chini ya nyuzi 15 homoni hiyo hupungua, asidi ya absisiki, homoni ya kuufungia mmea maji, hupanda, vitundu vya jani hufunga, maji hayapandi kwa kasi, na naitreti, yaani naitrojeni inayolisha mmea, ambayo husafiri na maji hayo hubaki kwenye trei. Urea ina balaa la ziada: kwanza hugeuka amonia, na bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti nao wamezubaa kwa baridi, basi amonia inarundikana na kuchoma mizizi. Juzi nimechomoa mche mmoja: mizizi kahawia kama chai ya rangi, ncha hakuna. Dozi ilikuwa "kiganja kimoja kwa ndoo". Kiganja cha nani?

Chomeka kipimajoto sentimita 3 ndani ya trei, saa 3 asubuhi. Ndani ya trei, nimesema, si kukining'iniza nguzoni. Ikisoma chini ya 15, siku hiyo hakuna mbolea. Ikifika 15 au zaidi siku tatu mfululizo, weka kalsiamu naitreti gramu 10 kwa lita 20 za maji, mara moja kwa wiki. Huna mizani? Vifuniko viwili vya soda, mfuto, ukwangue juu kwa kisu. Kifuniko cha mlima si kipimo.

Mwagilia kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana, kwa maji yaliyolala kwenye pipa jeusi humo humo kitaluni. Ukimwagilia saa 11 jioni umeilaza miche na nguo mbichi. Mapazia yashushwe saa 10 jioni jua lingalipo. Wengi wenu mnashusha saa 1 usiku, joto lishaondoka, mnafungia baridi. Asubuhi fungua unyevu utoke, kinyausi, ugonjwa wa kuozesha shina la mche, kisije. Trei ziwe juu ya kichanja, si sakafuni.

Na hizo busta zenye jiberelini, homoni ya kurefusha shina, mnazouziwa dukani, acheni kwa sasa: mche unarefuka kama ufito na mizizi iko palepale.

Jani jipya likitoka kijani, mambo yamekaa sawa.

Mliokwisha kunywesha urea: saa 4 asubuhi mwagieni maji matupu yaliyopata jua mpaka yachuruzike chini ya trei, kisha msitie mbolea wiki nzima. Matundu ya chini kama yameziba, zibueni kwanza, la sivyo mnaipikia miche supu ya amonia.