Kuandika historia ya klabu yenu ya raga: anzeni na jedwali, si na sentensi ya kwanza

Klabu ya ridhaa ikikaribia kutimiza miaka hamsini au mia, kwa kawaida hutafutwa mwanachama mwenye kalamu nzuri naye huambiwa aandike. Akianza kuandika siku hiyohiyo, kazi huharibika. Atatoa kurasa tamu kuhusu miaka ishirini anayoikumbuka, na nyuma yake pengo. Miezi ya kwanza iwe ya kukusanya na kupanga tu.

Tengenezeni jedwali la safu sita: msimu, tarehe, mpinzani, uwanja, matokeo na chanzo. Safu ya chanzo isiachwe tupu hata mara moja. Andikeni humo gazeti gani, la tarehe gani, ukurasa wa ngapi. Au daftari la kumbukumbu za kamati. Au mahojiano na nani. Habari isiyo na chanzo leo itawagombanisha mkiwa mnakaribia kwenda kwa mchapaji. Msimu unaovuka mwaka uandikwe kwa miaka yote miwili, kama 1968/69. Ukiandika 1968 peke yake, mechi ya Februari na ya Oktoba zitaangukia mstari mmoja ilhali ni misimu miwili, pengine yenye makapteni wawili.

Tarehe ya kuanzishwa huleta ubishi mapema. Huwa ni tatu: siku ya mkutano wa kwanza, siku ya mechi ya kwanza, na siku klabu ilipoandikishwa kwenye chama. Wazee huzichanganya. Zitajeni zote tatu, kisha mseme klabu inahesabu umri wake tangu ipi. Kwa klabu kongwe kabisa kumbukeni kwamba chama cha kwanza cha raga kilianzishwa London mwaka 1871, hivyo klabu iliyotangulia hapo haikuwa na mahali pa kujiandikisha. Wala msishtuke mkikuta orodha ya wachezaji 20 ya miaka hiyo. Mechi za kimataifa zilishuka hadi wachezaji 15 mwaka 1877.

Sasa matokeo. Hapa ndipo makosa mengi hujificha, na hapa pia ndipo hesabu husaidia kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote. Trai, yaani kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la mpinzani, ilikuwa pointi 3 tangu miaka ya 1890, ikawa 4 mwaka 1971, na 5 mwaka 1992. Mkwaju wa ziada baada ya trai umebaki 2 na wa penalti 3. Goli la kudondosha, lile la mpira unaoangushwa na kupigwa teke mara tu unapodunda, lilikuwa 4 hadi 1948, kisha 3.

Chukueni sheria hizo mpime kila matokeo. Timu haikuweza kupata pointi 7 mwaka 1955, kwa sababu kulikuwa na 3 (trai tupu, penalti au goli la kudondosha) na 5 (trai yenye mkwaju), na hizo hujumlishwa vyovyote vile zisitoe 7. Mwaka 1935 iliwezekana: 4 za goli la kudondosha na 3 za trai. Mwaka 1980 hakuna aliyemaliza mechi na 5, na leo hakuna anayemaliza na 4. Mkikutana na namba isiyowezekana, basi ama mwaka umekosewa, ama aliyenakili alisoma 1 badala ya 7. Mechi za 1971 na 1992 zenyewe zikaguliwe mara mbili, maana mabadiliko huanza na msimu, na si nchi zote zilizoanza siku moja.

Magazeti ya zamani yana mtego mwingine. Yakiandika “goli 1 na trai 2”, goli hapo ni trai iliyopigiwa mkwaju ukaingia, yaani 5 enzi za trai ya pointi 3. Jumla ni 11. Asiyejua atahesabu 9 kisha amlaumu mwandishi wa gazeti.

Kwenye picha za timu tazameni kwanza mpira ulio mikononi au miguuni pa kapteni. Mara nyingi msimu umeandikwa juu yake kwa rangi nyeupe, na kioo cha kukuza huuonyesha hata picha ikiwa imefifia. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini, kama 2B, kwa mkono mwepesi. Kalamu ya wino huchimba karatasi hadi upande wa sura, na wino wake huhamia kwenye picha iliyo chini yake. Toeni pini na vibanio, kwa sababu hushika kutu. Gundi ya utepe isiguse kitu chochote. Skani picha ndogo kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), nyaraka kwa 300. Nakala kuu iwe faili la TIFF, lisilopoteza ubora, ya kutumiana iwe JPEG, lililo dogo. Wekeni nakala tatu, moja ikae nje ya jengo la klabu.

Mahojiano yasizidi saa moja na nusu. Nendeni na picha, na msimuulize mzee “ilikuwa mwaka gani?” Muulizeni nani alikuwa kapteni, nani alicheza nambari tisa, walivaa jezi gani. Mwaka mtaupata wenyewe kwenye jedwali. Jambo zito, kama ugomvi au mtu kufukuzwa, lisiandikwe kwa shahidi mmoja.

Kuna ukimya ambao lazima muusome vizuri. Hadi Agosti 1995 raga ya wachezaji 15 ilikataza malipo. Mwaka 1895 klabu za kaskazini mwa Uingereza zilijitenga kwa sababu ya fidia ya saa za kazi zilizopotea, na huko ndiko ulikotoka mchezo wa wachezaji 13. Aliyevuka kwenda kulipwa alifungiwa, na jina lake mara nyingi halikutajwa tena klabuni. Kwa hiyo mchezaji hodari akipotea ghafla kwenye orodha, msiandike “alistaafu” bila ushahidi. Arudishiwe nafasi yake. Vilevile timu ya wanawake: daftari zake huenda hazikuwahi kuingia kabati la kamati kuu, basi zitafuteni kwa manahodha wake wa kwanza. Timu ya pili na ya tatu, waliochora mistari ya uwanja na waliofua jezi pia wapate kurasa zao. Vikombe vinatosha kwenye kiambatisho.

Rasimu ikikamilika, chapeni nakala tano zenye pambizo pana, mwape wasomaji wa vizazi tofauti wiki nne, kila sahihisho lirudi likiwa na chanzo chake. Majina ya watu yahakikiwe herufi kwa herufi na familia zao kabla ya kwenda kwa mchapaji.