Somo: Namna ya kuwinda punguzo za msimu kwenye nguo za wabunifu bila kupigwa

Habari zenu wakuu. Leo tuongelee punguzo kwenye nguo za wabunifu, zile za majina makubwa, maana naona wengi wanasubiri mpaka waone bango jekundu la asilimia 70 ndo wanakimbilia, na ukifika hapo ama umeshachelewa ama unauziwa kile ambacho wenzio wamekikataa msimu mzima. Elewa kitu kimoja kwanza na mengine yatakuwa mepesi: duka halipunguzi bei kwa kukuonea huruma, linapunguza kwa sababu mzigo mpya upo njiani na wa zamani umekalia nafasi yake. Kila ukiona punguzo jiulize hii nguo kwa nini wanataka iondoke, asilimia utaziangalia baadaye.

Hatua ya 1: Shika kalenda yao

Hapa ndo penye pesa kwa hiyo msiruke. Nyumba kubwa za mitindo zinaenda kwa misimu miwili mikubwa, kiangazi na baridi. Maonyesho ya New York, London, Milan na Paris yanafanyika Februari mpaka Machi, halafu tena Septemba mpaka mwanzoni mwa Oktoba, ila kinachoonyeshwa Februari ni nguo za baridi ambazo madukani zinaanza kuingia Julai au Agosti, na za Septemba ni za kiangazi, hizo zinaanza kuingia kama Januari hivi. Sasa piga hesabu mwenyewe. Kama za baridi zinaingia Julai basi za kiangazi lazima zianze kutolewa Juni, na kama za kiangazi zinaingia Januari basi za baridi zitoke Desemba. Hizo ndo punguzo mbili za maana kwa mwaka, mwisho wa Mei mpaka Julai na mwisho wa Novemba mpaka Januari, hayo mengine ya sijui siku ya wapendanao sijui wikiendi ya nini ni manyunyu tu.

Nchi nazo zina tarehe zake. Ufaransa ni jambo la sheria kabisa, punguzo rasmi mara mbili kwa mwaka, wiki 4 kila moja (zamani zilikuwa 6, zikakatwa kuanzia 2020), za baridi kwa kawaida zinaanza Jumatano ya pili ya Januari na za kiangazi Jumatano ya mwisho ya Juni, na bidhaa lazima iwe ilikuwa inauzwa angalau mwezi mmoja kabla, hawaruhusiwi kuleta takataka mpya kwa ajili ya punguzo. Italia kila mkoa unapanga tarehe yake, mara nyingi mwanzoni mwa Januari na mwanzoni mwa Julai. Ubelgiji ni 3 Januari na 1 Julai. Uingereza siku yao ya jadi ni 26 Desemba. Marekani wanafungua na Black Friday, Ijumaa baada ya Alhamisi ya nne ya Novemba, na China kuna 11 Novemba. Maduka ya mtandaoni yanauza dunia nzima kwa hiyo hayasubiri hizo tarehe zote, mengi yanatangulia.

Kuna pia koleksheni za katikati ya misimu, ile ya kruzi (nguo nyepesi za likizo, za wanaokimbilia kwenye joto wakati kwao ni baridi) inaingia karibu na Novemba na hukaa kwa bei kamili muda mrefu kuliko zote, usishangae Januari ukaikuta haijaguswa wakati koti la jirani yake limekatwa nusu.

Na wewe unayeishi sehemu ambayo joto lipo mwaka mzima una bahati ambayo watu hawaioni, kitani na pamba nyepesi zinashuka bei Juni na wenyewe baada ya miezi michache wanazifungia kabatini, wewe unavaa mwaka mzima.

Hatua ya 2: Jua nini hakishuki

Louis Vuitton haina punguzo, nukta. Mikoba ya Hermès na ile ya kila siku ya Chanel nayo usiisubirie. Hawa wanaona bei ikishuka jina linashuka, na tasnia hii kuna waliokuwa radhi kuchoma mali moto kuliko kuuza rahisi, ripoti ya Burberry ya mwaka 2018 ilionyesha waliteketeza bidhaa za zaidi ya pauni milioni 28 ndani ya mwaka mmoja, watu wakapiga kelele mpaka Septemba hiyo wakatangaza wanaacha. Ufaransa sasa sheria inakataza kuharibu nguo ambazo hazijauzwa.

Hata kwenye brandi zinazopunguza, kitu cha kudumu (koti lao maarufu, mkoba mweusi wa kila mwaka) kinaguswa kidogo sana au hakiguswi, maana hata mwakani kitauzika kwa nini wakikate. Kinachokatwa ni cha msimu, rangi ya mwaka huu, chapa ya maua, mikono ya ajabu ajabu. Kwa hiyo ujanja upo hapo katikati, tafuta nguo ya msimu ambayo haionekani kama ya msimu. Suruali ya sufu iliyokatwa vizuri yenye rangi ya kijani iliyokolea itapunguzwa kwa sababu tu sio nyeusi.

Hatua ya 3: Andika orodha wiki tatu kabla

Vitu vitano havizidi. Nenda kavipime dukani bei ikiwa bado kamili, hakuna dhambi, jua saizi yako kwa brandi hiyo maana 38 ya Italia sio 38 ya Ufaransa. Italia inaenda mbele namba nne hivi, 42 ya Italia ni kama 38 ya Ufaransa. Kisha weka kwenye vipendwa vya tovuti, piga skrinshoti ya bei pamoja na tarehe. Hiyo skrinshoti ndo ushahidi wako kwa hatua ya 5.

Jiandikishe kwenye barua pepe zao pia, kwa anwani ya pembeni isije ikakujazia sanduku. Wateja walioandikishwa mara nyingi hufunguliwa siku moja au mbili kabla ya umma na hapo saizi za kawaida bado zipo.

Hatua ya 4: Ingia awamu ipi

Punguzo linaenda kwa awamu. Ya kwanza mara nyingi ni asilimia 30 mpaka 40, inayofuata 50, ya mwisho 60 au 70. Kama kitu ni cha lazima na saizi yako ni ya watu wengi, chukua awamu ya kwanza usijifanye mjanja. Kama ni cha kutamani tu, subiri, kikienda kimeenda. Mguu mdogo sana au mkubwa sana unaweza kusubiri mpaka mwisho, viatu vya saizi hizo ndo vinavyobaki.

Hatua ya 5: Soma bei kama mhasibu

Wakikuandikia 40 halafu 20 zaidi ukilipa, hiyo sio 60. Chukulia bei ni 100, inashuka mpaka 60, kisha asilimia 20 ya hiyo 60 inatoka unabaki na 48, yaani punguzo halisi ni 52. Sio mbaya, ila sio 60.

Halafu bei ya zamani iliyokatwa kwa mstari, hiyo msiiamini bure. Umoja wa Ulaya kuanzia Mei 2022 duka likitangaza punguzo lazima lionyeshe bei ya chini kabisa iliyotumika siku 30 zilizopita, angalia ile namba ndogo chini chini. Kwingine ambako sheria hiyo haipo skrinshoti yako ndo sheria.

Ongeza nauli, ushuru na kodi ya kuingiza kabla hujafurahi. Tovuti nzuri inakuonyesha bei yenye kila kitu mpaka mlangoni, isipoonyesha andika kwenye karatasi mwenyewe.

Hatua ya 6: Maduka ya autileti

Haya ni maduka ambako brandi zinauza mabaki ya misimu iliyopita kwa bei ya chini. Yapo makubwa kama Bicester Village kule Uingereza, Serravalle Italia, Woodbury Common karibu na New York. Mazuri ila kuna mtego, baadhi ya brandi zinashona nguo maalum kwa ajili ya autileti tu, haijawahi kukaa kwenye duka la kawaida hata siku moja, kwa hiyo ile bei ya "zamani" ni ya kufikirika. Mwaka 2014 wabunge kadhaa wa Marekani waliiandikia FTC, tume yao ya biashara inayolinda walaji, wakiitaka ichunguze jambo hili. Muulize muuzaji wazi, hii ni ya koleksheni gani ya mwaka gani. Akiyumba geuza nguo ndani nje, angalia bitana, mshono wa bega, zipu, kama michoro inakutana kwenye mshono. Nguo ya kweli ya msimu uliopita mara nyingi mchoro wake unakutana.

Maswali karibuni.

---

kabati_limejaa: Mkuu shukrani kwa somo. Nimeona tangazo Louis Vuitton asilimia 80 na tovuti inaonekana kabisa ya kwao, picha zote zao. Vipi hapo?

Jibu: Ndugu yangu kimbia. Rudi hatua ya 2, kitu kisicho na punguzo kikipunguzwa 80 ni feki au ni wizi wa kadi. Picha mtu yeyote anaiba. Angalia jina la tovuti herufi kwa herufi, wanapenda kuongeza neno au kistari, na wakitaka utume hela moja kwa moja badala ya kadi ambayo benki inaweza kurudisha, funga ukurasa.

sindano_na_uzi: Samahani dada, mi naona si bora ninunue mtumba wa brandi kuliko kusubiri hizo tarehe zote?

Jibu: Kwa mikoba na makoti nakubaliana na wewe kabisa, hasa vile visivyopunguzwa dukani. Kuna majukwaa kama Vestiaire Collective na The RealReal wana watu wa kukagua uhalisi, ingawa soma masharti kujua kipi kinakaguliwa kwa mkono na kipi kwa picha tu. Viatu na nguo za sufu mi naona punguzo la msimu ni bora, kiatu kilichovaliwa kimeshachukua umbo la mguu wa mwenzio. Na ujanja mwingine, mtumba nao unaweza kushuka wakati wa punguzo za madukani, wauzaji wanashindana na bei mpya.

msafiri77: Mimi nasafiri Julai Paris. Nasikia mgeni anarudishiwa kodi, inajumlishwa na punguzo?

Jibu: Ndiyo kaka inajumlishwa. Mkazi wa nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kudai VAT ya alichonunua, Ufaransa lazima ununue zaidi ya euro 100 duka moja, uombe fomu dukani hapo hapo na pasipoti, kisha uigonge kwenye mashine ya forodha kabla hujaondoka. Usiweke nguo kwenye begi la kupakia kabla ya kugonga, wanaweza kuomba waione. Hutapata VAT yote, kampuni inayoshughulikia inakata chake. Ukipitia London usitegemee, England, Scotland na Wales walishafuta kuanzia 2021. Na ukifika kwenu forodha ya kwenu nayo ina maneno yake.

nusu_bei: Nimenunua blauzi juzi kwa bei kamili leo imekatwa 40!! Naumia jamani 😭

Jibu: Pole sana ila usilie bado. Waandikie leo leo, waambie oda namba fulani, naomba mnirudishie tofauti. Baadhi ya maduka yanakubali ukiwahi ndani ya siku chache, hata kama hawajaandika popote. Wakikataa na ulinunua mtandaoni Ulaya, una siku 14 za kurudisha bila sababu tangu ilipokufikia, rudisha hiyo, agiza nyingine kwa bei mpya. Agiza kwanza ndo urudishe, sio kinyume, saizi isije ikaisha.

kabati_limejaa: Swali la mwisho mkuu, zile zilizoandikwa haziruhusiwi kurudishwa, ninunue?

Jibu: Kama uliipima dukani kama hatua ya 3 inavyosema, nunua. Kama hujawahi kuivaa mwilini, acha, hata ikiwa 70. Ulaya ukinunua mtandaoni duka haliwezi kukunyima zile siku 14 eti kwa sababu ni punguzo, lakini dukani kwa mkono ni hiari yao, kwa hiyo uliza kabla hujalipa na hakikisha wanaandika jibu kwenye risiti.