Ukituma DWG (faili la mchoro wa AutoCAD) peke yake umetuma nusu mchoro

Wakuu, juzi injinia wangu wa nondo yuko Mbezi mimi niko Sinza, nimemtumia ramani ya ghorofa usiku, asubuhi ananipigia, "we dogo, hii nyumba mbona haina gridi (ile mistari ya kupangia nguzo)?" Nikacheki kwangu gridi ipo freshi kabisa. Kumbe gridi ilikuwa xref, yaani mchoro mwingine ulioitwa tu ndani ya huu, imekaa kwenye D: ya mashine yangu na yeye hana.

Yaani faili la AutoCAD linaita vitu vingi vilivyo nje yake, xref, picha, fonti za SHX, na ile CTB ya unene wa mistari, kwa hiyo usiburute DWG ukaitupa WhatsApp. Kwanza andika XREF, badili njia zote ziwe rilativu, maana yake zihesabiwe kuanzia folda la mchoro na sio D: yako. Piga PURGE kutoa uchafu, bando sio la bure. Seivu, halafu andika ETRANSMIT, itakukusanyia vyote kwenye zipu moja, ila fonti utiki Include fonts kwenye setingi zake.

Humohumo kwenye setingi zake chagua fomati ya 2013 kama mwenzako ana AutoCAD ya zamani, kwa sababu fomati ya 2018 haifunguki kwenye toleo la 2017 kushuka chini. Wa Revit, ile programu nyingine ya kuchorea majengo, ndio kabisa, faili likishaseiviwa toleo jipya halirudi nyuma, kubalianeni toleo kabla hamjachora hata ukuta.

Yuniti nazo zinaliza watu. Wewe umechora kwa milimita, mwenzako akiingiza kama inchi kila kitu kinazidishwa mara 25.4, ukuta wa mita 5 unakuwa mita 127 😂 Cheki INSUNITS, ile setingi ya yuniti za mchoro, na mwambie apime ukuta mmoja kwa DIST, komandi ya kupima umbali, kabla hajaanza kazi.

Kushea kwa Google Drive sawa, ila msifungue DWG moja watu wawili kwa mpigo, mtaishia na kopi mbili kila moja ina marekebisho yake, mmoja aishike mwingine asubiri. Majina ya faili weka namba za marekebisho, R01, R02, achaneni na "final ya mwisho kabisa".

Weka na PDF humo kwenye zipu ili alinganishe kwa macho. Na kabla hujatuma, ifungulie kwenye laptopu ya mtu mwingine, kwako itafunguka tu hata kama ni mbovu, si xref zote unazo.