Sheria ya ushindani kwenye nchi zinazoendelea: anzeni na wanaopanga bei

Haya, hii naiandikia wale walioingia juzijuzi kwenye tume za ushindani, yaani vyombo vya umma vinavyohakikisha kampuni zinashindana kweli badala ya kula njama, wanasheria wanaotaka kujua mambo yanavyokwenda huko ndani, waandishi wa habari, na watu wa vyama vya watumiaji ambao wamechoka kuona kampuni nne zinapandisha bei wiki moja na hakuna anayeuliza. Nchi nyingi zinazoendelea sheria zinazo tayari. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 80 serikali ziliacha kupanga bei zenyewe, zikauza mashirika ya umma, na sehemu nyingi ukiritimba wa serikali ukageuka tu kuwa ukiritimba wa watu binafsi, ndo maana Kenya ilitunga sheria yake 1988, Tanzania na Zambia 1994, Afrika Kusini 1998, Indonesia na Thailand 1999, na kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu haya mambo zilishapitishwa tangu Desemba 1980. Kwa hiyo sheria ipo. Shida ni kwamba haimgusi mtu. Msimamo wangu nausema mapema: tume changa yenye watu wachache na hela kidogo iweke karibu nguvu zake zote kwa makateli, yaani washindani wanaokaa chini kupanga bei, kugawana wateja au kugawana tenda, na mengine yafanywe kwa mkono mwepesi mpaka tume ikomae.

Kabla ya kugusa kesi yoyote kaa na sheria yenu uisome ukitafuta mambo manne: nani ameachwa nje, tume inaweza kuingia ofisini kwa mtu na kuchukua kompyuta au haiwezi, faini inafika wapi, na nani anakaa kiti cha mwisho cha uamuzi. Thailand ni funzo kubwa hapa. Sheria yao ya 1999 ilimweka waziri wa biashara kuwa mwenyekiti wa tume na mashirika ya umma yakaachwa nje, matokeo yake mpaka sheria inabadilishwa 2017 hakuna kampuni iliyokuwa imeadhibiwa chini yake, karibu miaka 18 hiyo. Indonesia wao tume ilikuwa na ari na ilifanya kesi nyingi sana hasa za tenda, ila haikupewa nguvu ya kupekua, kwa hiyo wapelelezi wanaomba nyaraka kwa yule yule wanayemtuhumu, na kila mtu anajua nyaraka za namna hiyo zinakujaje.

Kwenye faini angalia Chile. Minyororo mitatu ya maduka ya dawa iliyoshika zaidi ya asilimia 90 ya soko ilipandisha bei za dawa zaidi ya 200 kwa mpango, kati ya mwisho wa 2007 na miezi ya mwanzo ya 2008, mmoja wao akakubali yaishe 2009, wawili waliobaki wakapigwa faini ya juu kabisa iliyoruhusiwa na sheria, kama dola milioni 20 kila mmoja, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha 2012. Wananchi walikasirika sana wakaona hiyo hela ni ndogo kwa wagonjwa walioumizwa. Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa, faini sasa inaweza kufika asilimia 30 ya mauzo ya bidhaa husika kwa kipindi chote cha kosa au mara mbili ya faida waliyopata, na kifungo kikarudi. Kama faini kwenye sheria yenu imeandikwa kwa kiasi maalumu cha hela ambacho mfumuko wa bei umeshakila, hiyo ndo kazi yenu ya kwanza bungeni, kipigeni chini muweke asilimia ya mauzo.

Sasa kuchagua kesi. Usichague ile inayoongelewa sana kwenye magazeti, chagua bidhaa ambayo maskini ananunua kila siku au kila msimu: unga, mkate, sukari, saruji, mbolea, dawa, nauli. Halafu uliza, wauzaji ni wangapi, bidhaa inafanana kwa kila muuzaji, mtu mpya anaweza kuingia kirahisi, na je wana chama chao kinachokutana mara kwa mara. Wauzaji wachache, bidhaa ile ile, mlango mgumu kwa wageni na chama chenye vikao, hapo kaa macho. Ila angalizo moja kubwa, bei kufanana peke yake haitoshi kumfunga mtu, kwa sababu wauzaji wa bidhaa inayofanana wanaangaliana bei na wanaweza kufuatana bila kuongea neno, mahakama inajua hilo na wakili wa upande wa pili atalisema dakika ya kwanza. Unachotafuta ni kitu ambacho hakielezeki bila mazungumzo: tarehe ile ile, kiasi kile kile, barua zenye maneno yanayofanana, bei inayopanda wakati gharama za malighafi zinashuka, au mteja anayekataliwa kwa sababu ni wa mwingine.

Kesi ya mkate ya Afrika Kusini naipenda kwa sababu ilianzia chini kabisa. Mwaka 2006 wasambazaji wadogo wa Western Cape waliona kampuni kubwa za mkate zinapandisha bei karibu wakati mmoja, na palepale zinapunguza lile punguzo wanalopewa wao wasambazaji kwa namna inayofanana. Wakapeleka malalamiko. Tume ikayachukua kwa uzito, na kampuni moja, Premier Foods, ikaona moto unakuja ikakimbilia kuomba msamaha na kueleza yote, na kumbe walichokuwa wanapanga hakikuishia kwenye mkate, kilifika mpaka kwenye usagaji wa ngano na mahindi. Tiger Brands ikakubali kulipa karibu randi milioni 99 mwaka 2007. Pioneer ikaamua kupigana, Februari 2010 ikapigwa faini ya zaidi ya randi milioni 195, na baadaye mwaka huohuo ikamaliza mambo yaliyobaki kwa makubaliano ya randi milioni 500, nusu yake ikaenda kwenye mfuko wa kusaidia wasindikaji wadogo wa vyakula waweze kuingia sokoni. Hiyo hela ya mfuko ndo naiona ya akili sana, maana faini ikimezwa na hazina soko linabaki vilevile na wakubwa walewale.

Hapo kwenye msamaha watu wengi wanakosea mpangilio. Programu ya msamaha maana yake kampuni ya kwanza kujisalimisha na kutaja wenzake haipigwi faini, na wanaofuata wanapunguziwa kidogo au hawapati kitu. Washauri kutoka nje huwa wanaipendekeza mapema sana, tume inaizindua kwa sherehe halafu miaka inapita hakuna aliyebisha hodi. Hakuna atakayekuja kama haogopi! Kwanza lazima kuwe na msako wa kweli na kesi moja mbili zilizoisha kwa faini inayouma, hapo ndo mkurugenzi anaanza kuwaza kwamba mwenzake anaweza kumuwahi. Afrika Kusini waliweka sera yao ya msamaha 2004 huku wakiendelea kupeleleza, na walipofika kwenye ujenzi waliongeza njia ya haraka, Februari 2011 wakaalika makampuni yaje yakiri tenda zote walizopanga, zikiwemo za viwanja vya Kombe la Dunia 2010, na 2013 makampuni 15 yakakubali kulipa jumla ya randi bilioni 1.46. Na kitu kingine, kama kwenu kupanga bei ni kosa la jinai, muongee na mwendesha mashtaka mkuu muandikiane kabisa, maana tume ikimsamehe mtu halafu mwendesha mashtaka akamkamata kesho yake, huyo ndo atakuwa wa mwisho kuja.

Tenda za serikali zinahitaji sura yake peke yake kwa sababu kwenye nchi hizi serikali ndo mnunuzi mkubwa kuliko wote, na faida ya kipelelezi ni kwamba data tayari iko serikalini, humwombi mtu. Chukua tenda za miaka mitano ya bidhaa moja, ziweke kwenye jedwali, nani aliomba, kwa bei gani, nani alishinda, nani alijitoa. Mexico walifanya hivyo kwa tenda za insulini na maji ya dripu za shirika la hifadhi ya jamii, lile linaitwa IMSS. Waliona kampuni zilezile zinaomba kila mahali, bei ya mshindi inakaribia kufanana tenda baada ya tenda, na bei za walioshindwa nazo zinafanana, na ushindi unazunguka kama zamu ya kuchota maji. Shirika lilipoacha kununua vipandevipande likakusanya manunuzi yake pamoja, mshindani mpya akaingia na bei zikaporomoka. Mamlaka ya ushindani ikatoa faini 2010 na Mahakama ya Juu ikaziunga mkono 2015, na uamuzi huo una thamani kubwa kwa nchi nyingine kwa sababu ulikubali ushahidi wa mienendo ya bei ukiunganishwa na mawasiliano kati ya kampuni, hata bila karatasi iliyosainiwa. Dalili nyingine za kuangalia ni nyaraka za kampuni mbili zenye makosa yaleyale ya tahajia, faili zilizotengenezwa kwenye kompyuta moja, aliyeshindwa kupewa kazi ndogo na mshindi baadaye. Wafundisheni maafisa manunuzi hizi dalili, wao ndo wanaziona kila wiki, na waambieni wasitangaze majina ya waliochukua nyaraka za tenda kabla haijafungwa, maana hiyo orodha ndo inawakutanisha.

Msako wenyewe una utaratibu wake na hapa usiharakishe. Pata kibali cha mahakama kilichoandika wazi sehemu na vitu, ingieni ofisi zote kwa wakati mmoja, nendeni na mtu wa kompyuta anayejua kunakili data bila kuiharibu, chukueni simu za mameneja wa mauzo maana siku hizi mambo yanapangwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na kila kinachochukuliwa kiandikwe na kusainiwa palepale. Kesi nyingi nzuri zinafia kwenye utaratibu. India walishalipia hili: tume yao ilipiga makampuni ya saruji na chama chao faini ya rupia zaidi ya bilioni 60 mwaka 2012, kisha 2015 baraza la rufaa likafuta uamuzi wote kwa sababu mwenyekiti alisaini ilhali hakukaa kwenye usikilizwaji, ikabidi kesi irudi isikilizwe upya na uamuzi mpya ukatoka 2016. Anayesikiliza ndo anaamua, na anayepeleleza asikae kwenye meza ya kuhukumu, andikeni hivyo kwenye kanuni zenu kabla ya kesi ya kwanza. Na majaji wa rufaa wapelekeni semina mapema, jaji ambaye hajawahi kuona ushahidi wa kiuchumi ataona ni hesabu za kubahatisha.

Miungano ya makampuni, yaani kampuni zinapoungana au moja kuinunua nyingine na tume inatakiwa kuruhusu kwanza, nitaipitia haraka. Inakula muda wote wa tume kwa sababu ina tarehe za mwisho, na kwa kuwa ina ada, bosi anaipenda. Weka kiwango cha mauzo au mali cha kuanzia ili miamala midogo isije kabisa mezani. Tume ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ilipoanza kazi Januari 2013 kiwango chao kilikuwa sifuri, wakalalamikiwa sana mpaka 2015 wakaweka dola milioni 50 kwa pamoja na milioni 10 kwa kila mmoja wa angalau wawili kati ya wahusika. Na bajeti ya tume isitegemee ada za miungano, maana wapelelezi wa makateli hawaingizi ada yoyote.

Kesi za matumizi mabaya ya nguvu ya soko, yaani kampuni kubwa kutumia ukubwa wake kuwabana wengine, ni ngumu na za gharama, mchumi mmoja anaweza kupotelea humo miaka mitatu. Chagua yale ambayo dawa yake ni rahisi. Kenya mwaka 2014 walifanya moja nzuri, Safaricom ikakubali kuacha sharti lililowazuia mawakala wa M-Pesa kuhudumia mitandao mingine ya pesa, na wakala akawa huru kufanya kazi na anayemtaka. Hakukuwa na haja ya kukokotoa bei ya haki wala kuvunja kampuni, ni sharti moja limetolewa kwenye mkataba. Kesi za bei kuwa juu mno kaa nazo mbali mwanzoni, zitakurudisha kwenye serikali kupanga bei ambako nchi ilishatoka.

Halafu kuna lile ambalo linahitaji moyo, serikali yenyewe. Vibali vya kuagiza vinavyotolewa kwa kampuni tatu tu, bei elekezi inayotangazwa na chama cha wenye biashara huku wizara ikipiga makofi, leseni isiyotoka bila barua ya walio tayari sokoni. Tume nyingi haziwezi kuishtaki wizara, ila zinaweza kuandika maoni na kuyaweka hadharani yenye namba: kikwazo hiki kinamgharimu mnunuzi kiasi hiki. Andika kwa lugha ambayo mbunge anaweza kuisoma na kuitumia kesho yake bungeni.

Mwisho, walalamikaji. Mfanyabiashara mdogo anayekuja kulalamika anamnunulia bidhaa yule yule anayemlalamikia, na wiki inayofuata mzigo wake unaweza kukatwa. Kwa hiyo jina lake lisiingie kwenye barua ya kwanza kwa kampuni, tume ianzishe uchunguzi kwa jina lake yenyewe, sheria iruhusu amri ya muda ya kumlazimisha msambazaji aendelee kuuza wakati kesi inaendelea, na awepo afisa mmoja mwenye namba ya simu ambayo huyo mtu anaweza kupiga na ikapokelewa. Wengi wanalalamika mara moja tu, wakiona kimya hawarudi tena, wala hawamshauri mwenzao aje. Mpigie ndani ya wiki hata kama bado huna la maana la kumwambia.